Lami Mikononi mwa Mzee Badru

Mtaani Kaloleni, Kisumu, hapakuwa na mtu aliyeogopwa penye mabomba ya udhu kama Mzee Badru. Hakuwa imamu, wala mwalimu wa madrasa. Alikuwa fundi wa kushona viti vya magari, mtu wa sindano nene na uzi wa nailoni. Lakini Ijumaa ikifika alitangulia msikitini, akajikalia kwenye ukingo wa saruji karibu na mabomba, na kutoka hapo akawakagua watu visigino. Ukiinuka ukidhani umemaliza, ulisikia, "Wewe! Kisigino cha kushoto kikavu. Rudi." Na watu walirudi. Hata wenye maduka na vitambi vyao walirudi, wakinung'unika chini kwa chini, maana kisigino kilikuwa kikavu kweli.

Jicho hilohilo alilitumia kwa gari lake. Lilikuwa Pijo kuukuu, alilinunua likiwa la kijani, akalipeleka likapigwa rangi ya maziwa kwa sababu mkewe Kadija ndiyo rangi aliyoitaka. Kadija alipenda kukaa mbele, mkono wake umelala kwenye ukingo wa dirisha, wakienda Kendu Bay kumsalimu Mariamu, dada yake Badru. Kadija alifariki mwaka wa themanini na moja. Alimwachia mumewe gari lile na binti mmoja, Safia, na vyote viwili Mzee Badru alivitunza kwa namna ileile: kwa kuvipenda mno na kuvikagua kupita kiasi.

Safia alikua, akajifunza kushona viti kumshinda baba yake, ingawa baba hakuwahi kulisema hilo hadharani. Ni kwenye kibanda cha kazi cha baba yake ndipo Yahya alipomwona. Yahya Saleh alikuwa kijana wa Obunga, kibarua wa kampuni iliyokuwa ikiweka lami barabara ya kutoka Katito kwenda Kendu Bay. Yeye ndiye aliyeshika bomba la kunyunyizia lami ya moto. Siku moja alitumwa mjini alete kiti cha lori kishonwe. Kiti kikashonwa, kikachukuliwa, na wiki iliyofuata Yahya akarudi kuuliza kama kiti kingine kikichanika kitashonwa pia. Safia alicheka. Mzee Badru hakucheka.

Wazee wa posa walipokuja, wakakaribishwa vizuri, wakanywa kahawa, wakala kaimati. Kisha Mzee Badru akajibu. Alijibu kwa sauti ya kule kwenye mabomba.

"Kijana mwenyewe sina ubaya naye," alisema. "Lakini mikono yake nimeiona. Lami mpaka kwenye kucha. Maji hayafiki kwenye ngozi. Udhu wake una shaka, na swala yake ina shaka. Sasa mimi nitamtoaje binti yangu kwa mtu wa shaka?"

Mjomba wake Yahya alijaribu kusema kwamba dini ina wepesi kwa mtu ambaye lami ya kazi yake imemganda hivyo. Mzee Badru akasema wepesi ndio huo huo watu wanautumia kuacha visigino vikavu. Wageni wakaaga.

Usiku ule Safia alimwandalia baba yake chakula bila kununa, na hilo lilimuumiza zaidi ya kununa. Aliuliza swali moja tu. "Baba, umewahi kumuuliza hiyo lami anaitoaje?"

"Nimuulize ya nini? Macho ninayo."

"Haya, Baba."

Hakurudia tena. Lakini alikuwa amekwisha kusema kwamba hatamvunjia baba yake heshima kwa kutoroka, na pia kwamba mwingine akija asisumbuke kukaribishwa. Na barabara ile ilikuwa inakaribia Kendu Bay. Ikifika, kampuni itahamia kwingine, huko mbali, na kijana ataondoka nayo. Mzee Badru alijua kwamba akinyamaza tu mambo yataisha yenyewe. Alijua pia kwamba yakiisha hivyo, atakuwa ameuvunja moyo wa mtoto wake wa pekee. Mawazo hayo mawili yalikuwa yakipokezana kumnyima usingizi.

Alhamisi moja akaliwasha gari akaenda Kendu Bay kuzungumza na dada yake. Mariamu hakumpa alichokifuata. Alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia, "Badru, wewe unaogopa nyumba tupu. Lami usiisingizie." Mzee Badru akaondoka bila kumaliza chai.

Ndipo alipokuta barabara imefungwa, mwendo mfupi tu baada ya kutoka Kendu Bay. Upande mmoja wa njia ulikuwa mweusi, unameremeta, lami mbichi iliyomwagwa dakika hizo, kokoto bado hazijatandazwa. Upande mwingine magari yalipishana kwa zamu. Mbele ya lami ile alisimama mtu ameinua kitambaa chekundu, amejifunga leso puani kwa sababu ya moshi. Alipoishusha leso, Mzee Badru akamtambua. Alikuwa Yahya.

"Mzee Badru! Shikamoo. Ngoja kidogo, Mzee. Hii bado iko mbichi, itakurukia. Ngoja hao wapite halafu utapita huku."

Angekuwa mtu mwingine pale, Mzee Badru angengoja, tena angengoja huku akimsifu kwa kazi nzuri. Lakini kuambiwa ngoja na huyu, siku hii, baada ya maneno ya Mariamu! Akapandisha kioo na kutia gia. Yahya aliruka pembeni. Pijo ya rangi ya maziwa ikaingia kwenye lami mbichi, ikapita yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, matairi yakilia na matone meusi yakipiga milango.

Alipofika nyumbani hakuthubutu kuliangalia. Alilifunika turubai akaingia ndani kuswali.

Asubuhi ya Ijumaa akalifunua. Lami ilikuwa imetapakaa kwenye madigadi, kwenye milango yote minne, imechuruzika hadi chini ya vizingiti, na kila tone limejishika kwenye rangi ya Kadija. Mzee Badru akaketi kwenye kigoda akashika kichwa.

Kisu aliogopa kitakwaruza. Petroli hakuitaka kabisa, maana aliwahi kuona gari la mteja likifubaa kwa petroli mpaka likawa na madoa. Basi akachemsha maji, akamwagia, na lami ilipolegea kidogo akaanza kuibandua kwa kucha na vidole. Tone moja lilikubali. Lililofuata likavutika, likajipaka kwenye mlango, likahamia kwenye kidole gumba. Akakifuta kidole kwa kiganja. Basi kiganja nacho kikawa cheusi. Alivyozidi kuhangaika ndivyo lami ilivyozidi kumpenda yeye kuliko gari.

Benta, jirani yake aliyekaanga samaki pale mbele ya ua, alisimama na mwiko mkononi akamtazama. "Yawa, Mzee Badru! Hiyo gari imefanya nini?"

"Imepita pabaya."

"Imepita, ama imepitishwa?"

Mzee akageukia tena mlango wa gari. Alipotupa macho kwenye saa, alikuta muda umemwishia. Akavaa kanzu kwa taabu, akiishika kwa ncha za vidole, akamwita Safia amfunge vifungo. Safia alivifunga, akaiona mikono. "Nitasugua kwa sabuni huko huko," alisema Mzee Badru, kana kwamba ameulizwa.

Msikitini, kwa mara ya kwanza tangu watu wamjue, hakukaa kwenye ukingo wa saruji. Alikwenda moja kwa moja kwenye bomba la mwisho kabisa, akageukia ukuta. Akafungua maji. Maji yakaanguka juu ya viganja vyake vyeusi, yakajikusanya matone matone, yakateleza chini bila kulowesha kitu. Akapaka sabuni. Akaokota mchanga akasugua mpaka ngozi ya pembeni ikawaka moto. Lami haikujali. Nyuma yake watu waliendelea kuingia, mmoja akasema kwa furaha, "Leo visigino viko huru!" na wenzake wakacheka.

Angeweza kumwendea imamu. Imamu angemwambia wepesi upo kwa asiyeweza, osha unavyoweza ukaswali, Mungu anajua. Lakini neno hilo yeye mwenyewe alilikataa mbele ya wazee wa posa, na sasa hakuweza kulipokea. Aliona haya. Alijisikia mzee, mchafu na mpumbavu, na machozi yakamlenga. Akazunguka nyuma ya msikiti, mahali pa kuanikia mikeka, ili ajifiche huko mpaka watu waingie, halafu arudi nyumbani.

Huko nyuma palikuwa na mtu. Yahya alikuwa amechutama juu ya jiwe, suruali imekunjwa, mbele yake kuna mkebe wa Kimbo, mafuta ya kupikia, kipande cha fulana kuukuu na mche wa sabuni. Msimamizi wake alimruhusu kila Ijumaa kuja mjini kuswali, na hapo ndipo alipojisafishia. Mzee Badru akaelewa mara moja jambo lililomkera kwa miezi: kwa nini kijana huyu kila Ijumaa alikuwa akionekana kwenye safu dakika za mwisho, mikono imelowa. Yeye alikuwa akidhani ni uvivu.

Yahya aliinuka. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Mzee Badru aliificha mikono nyuma, kama mtoto aliyedokoa sukari. Lakini Yahya alikwisha kuiona. Alikuwa ameliona gari lilivyopita jana, na hesabu ya yaliyofuata haikumpa shida.

Hakucheka. Hilo Mzee Badru alilikumbuka mpaka uzee wake wa mwisho, kwamba kijana alikuwa na haki yote ya kucheka na hakucheka.

"Keti hapa, Mzee. Leta mkono."

"Na wewe? Hujaanza."

"Leta mkono, Mzee. Saa inaenda."

Mkebe ulikuwa umebaki na mafuta ya chini tu. Yahya akayakwangua kwa kidole, akayapaka kiganja cha Mzee Badru, akayaingiza katikati ya vidole, chini ya kucha, kwenye mikunjo ya ngozi ambamo sindano ya miaka mingi ilikuwa imeacha sugu. Alifanya polepole. Mzee Badru hakuwa ameshikwa mkono na mtu kwa muda mrefu hivyo tangu Kadija afe, na jambo hilo lilimjia ghafla.

Akataka kuanza kusugua. Yahya akamzuia. "Usisugue. Ukisugua saa hii unaitandaza tu. Wacha mafuta iingie yenyewe. Itaachilia."

"Bado?"

"Bado kidogo, Mzee."

Adhana ya pili ikatolewa. Wakangoja. Ndipo Yahya akachukua kile kipande cha fulana akapangusa mara moja, kwa uzito, na weusi ukaja wote kwenye kitambaa. Chini yake ngozi ya Mzee Badru ilitokea, nyekundu kwa mchanga, lakini ni ngozi. Akampaka sabuni, akammiminia maji kutoka kwenye kopo. Maji yalilowesha.

"Kimbia, Mzee. Utaipata."

Mzee Badru alitia udhu, akaingia hotuba ikiwa inamalizika. Alisimama kwenye safu. Walipotoa salamu, kulia na kushoto, macho yake yalimtafuta kijana katika safu ya nyuma, kwenye mlango, kote. Hakumwona. Akajua mkebe ulikuwa umekwisha.

Alimkuta kulekule nyuma, akikwangua kuta za mkebe kwa kijiti, mkono mmoja safi, mmoja bado.

"Umekosa Ijumaa," alisema Mzee Badru.

"Nitaswali adhuhuri, Mzee. Ikitoka tu."

"Kwa ajili yangu."

Yahya alitazama chini. "Mzee, wewe ulikuwa unalia."

Mzee Badru aliuokota mkebe mtupu. Alimchukua kijana kwa mkono, ule wenye lami, wakaenda nyumbani pamoja, mchana kweupe, mbele ya watu wote waliotoka msikitini. Safia aliwaona wakiingia uani akaacha sindano hewani. "Leta Kimbo," baba yake alimwambia. "Leta yote."

Baada ya Yahya kujisafisha na kuswali, alilizunguka gari. Wakalisukuma kivulini, maana rangi ikiwa ya moto haifai kuguswa. Akawaonyesha: paka mafuta juu ya tone, usiguse, nenda kwenye tone lingine. Ukimaliza mlango mzima, rudi mwanzo, pangusa kwa kitambaa laini, geuza kitambaa kila mara lami isirudi. Kisha maji ya sabuni. Walikaa wote watatu chini wakipaka. Paka wa mtaa walisikia harufu wakaja kujipanga, mmoja akaanza kulamba madigadi kwa bidii kubwa, na Benta akapiga kelele kutoka kwenye karai lake, "Yawa, Mzee! Sasa unakaanga gari?" Safia alicheka mpaka akaegemea gurudumu. Mzee Badru alikuwa hajakisikia kicheko kile tangu siku ya posa.

Yahya alifika kwenye mlango wa mbele, upande wa abiria. Akapangusa ukingo wa dirisha mara moja, mara mbili, akasita. "Mzee, hapa lami imetoka. Lakini rangi yenyewe imelika."

"Achia hapo," alisema Mzee Badru. "Hapo ni mkono wa mama yake Safia. Alikuwa anauweka hapo."

Yahya akatupa kitambaa. Tone moja lilikuwa limebaki pembeni ya sehemu ile, na hilo alilitoa kwa ncha ya kidole, akingoja, akipapasa, akingoja tena. Mzee Badru alimtazama akifanya hivyo. Moyo wake, uliokuwa umekaza kwa miezi, ukalegea.

Safia alipoingia ndani kuleta maji, Mzee Badru alisema, "Yahya. Mimi nilikukataa kwa lami."

"Ndiyo, Mzee."

"Haikuwa lami. Hata ungekuja na mikono ya daktari, ningekukagua mpaka nipate mahali pakavu." Akageuza kitambaa chake. "Huyu mtoto akitoka humu ndani, mimi nitabaki na gari tu. Hiyo ndiyo shida yangu. Wewe huna kosa."

Yahya alifikiri. "Kampuni ikihama, mimi si lazima nihame. Hapa Kisumu pia kuna barabara, na kuna gari nyingi za kutoa lami. Na huko Obunga ni karibu, Mzee. Sisi tutakuwa tunakuja."

"Kila Alhamisi," alisema Mzee Badru haraka. "Gari huoshwa Alhamisi."

"Kila Alhamisi."

Nikaha ilifungwa baada ya mfungo, alasiri, msikitini palepale. Yahya alivaa kanzu nyeupe aliyoshonewa na mchumba wake, ingawa hilo halikutangazwa. Kadhi alimaliza hotuba fupi, akamwambia Mzee Badru aushike mkono wa bwana harusi, amwozeshe.

Mzee Badru akaushika. Kisha, badala ya kusema yale maneno, akaugeuza mkono ule, akauinua karibu na macho. Watu waliokuwa wamekaa wakaanza kutazamana. Wengine walivuta visigino ndani ya kanzu bila kukusudia.

"Hapa pana lami," alisema. "Chini ya ukucha wa gumba."

Kweli palikuwa na mstari mwembamba, mweusi. Yahya alikuwa ametoka kazini siku ya jana tu. Uso ulimwiva kwa haya.

"Mzee Badru," Kadhi alisema kwa upole, "ndoa haitaki udhu."

"Najua, Shehe." Akatia mkono kwenye mfuko wa kanzu yake akatoa kikopo kidogo, kilichojaa Kimbo. Alikuwa amekuja nacho kutoka nyumbani. Akachota kidogo, akapaka ukucha ule, akaufunika kwa kidole gumba chake mwenyewe. "Inataka kungoja," aliwaambia watu.

Wakangoja. Upande wa pili wa ukuta, kwa wanawake, Safia alikuwa bado binti wa nyumba ya baba yake, na angebaki hivyo mpaka baba huyo aseme yale maneno. Mzee Badru alipangusa kwa pindo la leso. Ukucha ukatoka mweupe, safi kabisa. Aliuona mwenyewe, na macho yake hayakuwa yamewahi kukosea. Yahya naye aliuona.

Lakini mzee hakuanza yale maneno ya kuozesha; aliendelea kuushika mkono ule. Yahya hakuuvuta wake. Akasogea karibu, akasema kwa sauti ya chini ambayo Kadhi pekee ndiye aliyeisikia, "Bado kidogo, Baba."

Mzee Badru akachota mafuta tena, akapaka.